Usiache Pengo

Duka langu liko Ibra, mkabala na ofisi ya ukaazi,
baina ya fundi cherehani na muuza matairi.
Kompyuta mbili, moja mbovu.
Nawachapia watu fomu kwa Kiarabu, riyali moja na nusu,
picha ya pasipoti bei mbali.

Leo kaja Humeid na mkewe.
Humeid wa hapa hapa, Kiswahili kakirithi kwa bibi yake
kama wengine wanavyorithi kisukari.
Mkewe Mwantumu Kilua, wa Korogwe,
miaka saba ya ndoa, watoto wawili.
Mdogo anatafuna risiti zangu.

Wanataka ukaazi wa kudumu.
"Nimechoka," asema Mwantumu, "kila kadi ikiisha
napanga foleni kuomba ruhusa ya kulala kwangu."

Jina. Jina la mama. Tarehe ya nikahi.
Vyote vimeingia kama uzi kwenye sindano mpya.
Kisha ukurasa wa tatu:
kazi zote ulizofanya nchini,
mwajiri nani, tangu lini, hadi lini.
Usiache pengo.

Kazi ya kwanza, nyumba ya Mabela.
Vyumba saba, watoto watano, pasipoti kabatini kwa bibie.
Nachapa: mtumishi wa nyumbani. Tangu Machi.
Hadi?

Mwantumu anamtazama mumewe. Mumewe anatazama feni.

"Hadi usiku wa kuamkia Idi.
Ila wao wameandika kesho yake, na wameandika mtoro."

Neno hilo kwa Kiarabu lina herufi tano.
Vidole vyangu vinazijua bila kutazama.

Toka hapo hadi karatasi yake iliyofuata
ni miezi kumi na minne.
Nyumba kumi na nne tupu kwenye kioo,
na kila iliyo tupu inageuka nyekundu.

"Ulikuwa wapi?"

"Hapa. Nilipanda gari la mboga, nikashuka Ibra.
Nikamwosha mama yake huyu.
Alikuwa amelala upande mmoja tangu kiharusi.
Nilimgeuza kila saa mbili, usiku kucha, asioze mgongo.
Uji nilimpa kwa kijiko cha chai.
Aliniita Thuweba, binti yake aliyekufa,
nami nikaitika. Ningefanyaje?"

Humeid sasa anasema, si kwangu, kwa feni:
"Nilirudi toka visimani siku ya Alhamisi
nikakuta kucha za mama zimekatwa.
Za miguu pia.
Sikuwa nimemwona aliyezikata."

Basi. Ndoa yao ilianzia humo,
ndani ya miezi isiyoandikika.
Nikiiandika, ni kazi bila kibali,
na mwenye nyumba aliyemficha mtoro ni mume mwombaji.
Nikiiacha, ni pengo.

"Andika nilikuwa mgonjwa."
Hospitali ipi?
"Andika nilisafiri."
Kwa pasipoti iliyokuwa Mabela?

Nageukia ukurasa wa mume, nipumue kidogo.
Kazi yako? Mstari mmoja tu.
Huyu aliachishwa mara mbili,
miaka miwili alikaa kibarazani akihesabu magari,
mji mzima unajua.
Fomu haikumuuliza neno.

Mtoto katema kipande cha risiti kwenye kibodi.
Mwantumu anakifuta kwa ncha ya ushungi,
polepole, herufi kwa herufi,
na mkono ule nikauona ulivyozoea kufuta.

"Andika mkwe," asema.

"Hukuwa mkwe bado."

"Mama alikwisha nijua.
Nyie ndio mlikuwa hamjajua."

Nikachapa. Kazi: mkwe.
Mwajiri: marehemu, na jina lake lote hadi babu.
Mshahara: sifuri.
Miezi kumi na minne, moja baada ya moja,
wekundu ukaondoka.

Sijui yule wa dirishani atasemaje.
Ana muhuri, ana kiyoyozi, ana chakula chake cha mchana.
Labda atacheka. Labda atamwita mkubwa wake.

Walitoka wamekunja karatasi katikati, nilikuwa nimewaambia wasikunje.
Riyali na nusu iko mezani.
Nimejitazama kucha.