Kanda ya Jumamosi

Kabla ya kuwashwa ilifunikwa kitambaa
kilichotariziwa njiwa wawili, na Mzee Lugembe,
fundi mitambo wa meli, grisi bado kuchani,
alikikunja mara nne kama anayekunja bendera.
Kisha betri ya gari. Kisha deki. Kisha kanda,
moja tu, aliyoachiwa na mhandisi mgeni
aliyemaliza mkataba akarudi kwao
akaisahau, au hakuisahau, nani ajuaye.

Sisi tulikuwa mkekani, goti kwa goti,
watoto wa Mabatini. Kiingilio ndoo ya maji,
na kupanda nayo mawe yale, unayajua mwenyewe.

Kiooni alibandika ile plastiki ya rangi tatu,
buluu juu, nyekundu katikati, kijani chini.
Basi wale wanaume walikuja na kofia za buluu,
nyuso kama za waliopaliwa na pilipili,
buti zao kwenye nyasi hata wakiwa sebuleni.
Nyuma yao marobota ya majani, gurudumu la mkokoteni,
na mbwa mmoja amelala.
Hakuamka miaka minne.

Bibi Ng'wandu alipowaona mara ya kwanza
aliweka kikombe chini. "Kofia, fimbo, ng'ombe,
na wimbo wa kumlilia ng'ombe.
Hawa ni Wasukuma, ila wameepuliwa mapema."
Aliposikia zeze lao, lile la kubanwa kidevuni:
"Ndono hiyo. Nyuzi wameongeza kwa uchoyo tu."

Lakini utani wao, nani angetuambia?
Wawili waliegemea uzio, wakasemezana,
halafu watu wasioonekana wakacheka.
Hapo Shangazi Nkwimba alianza kazi.
Aliuza dagaa Mwaloni, Kirumba;
Kiingereza chake chote kingeenea kwenye kibiriti.

"Mnene anasema: kuna mama hapa jirani
alikopa debe la dagaa tangu Pasaka."
Wasioonekana wakaangua kicheko.
Mama Nyanjige akajikuna shingo.
"Mwembamba anajibu: si mbaya huyo, ni msahaulifu,
Jumatatu atakumbuka."
Na Jumatatu alikumbuka.

Kwa kinywa cha mpiga banjo, Shija aliacha gongo
wiki mbili nzima. Kwa kinywa cha yule mwanamke
mwenye nywele kama kichuguu,
dada yangu Bugumba alielezwa habari za kijana wa Igogo,
mambo ambayo mama alikuwa akiyazunguka tangu kiangazi.

Kanda ileile, kila Jumamosi,
na kila Jumamosi walisema jipya.
Sikuona ajabu. Nilidhani watu wa kwenye televisheni,
kama watu wengine, huchoka na maneno ya juzi.

Kidato cha pili masikio yakanizibuka.
Mnene alikuwa akisimulia habari za nyumbu na daktari wa meno.
Nyumbu anang'olewa jino. Basi.
Nikamgeukia shangazi. Alinikazia jicho moja,
lile la kupimia wezi wa mizani.
Nikacheka na wenzangu, kwa sauti kuliko wote.

Kanda ilichakaa. Mvua ikaanza kunyesha kiooni,
kwanza pembeni, kisha juu ya kofia.
Usiku mmoja deki ikaitafuna,
palepale mwanamke wa kichuguu alipofumbua kinywa
kwa ule wimbo wa treni, na Mzee Lugembe akaivuta,
pima kwa pima, kama utumbo wa sangara.
Alichukua kitambaa cha njiwa. Akafunika. Tukajua twende.

Utepe aliuomba shangazi.
Akaufunga juu ya vichanja vyake, kufukuzia ndege,
na upepo wa ziwa ulipopita, ukavuma:
si zeze, si ndono, kitu cha katikati.
Wachuuzi wa Ukerewe wakauliza, nini kinaimba?
"Wale jamaa," akajibu, huku akijaza kopo.
"Leo wanasema bei haishuki."

Kunguru waliogopa siku tatu.
Ya nne walikuja, wakapanga safu chini yake,
wametulia, kama waliokwisha leta maji.