Na Ushee

Karatasi ya mnunuzi ilifika Isyonje kwa Kiingereza,
imekunjwa mara nne, inanuka dizeli.
Mimi ndiye niliyefika kidato cha nne,
basi nikaitwa ghalani kwa shangazi Tupokigwe,
ukungu umesimama mlangoni, hauingii, hauondoki,
nikasoma: kila gunia, *at least*, kilo mia.

"Atilisti ndiyo nini?"
Nikasema, angalau.

Akaiweka chini sindano ya kushonea magunia.
"Angalau ni neno la msibani, mwanangu.
Angalau hakuteseka. Angalau amezikwa kwao.
Angalau mvua imengoja tumalize kufukia.
Limefuata nini kwenye mizani yangu?"

Nikatafuta lingine. Si chini ya mia.
Si pungufu ya mia. Kuanzia mia kwenda mbele.

"Kwenda mbele mpaka wapi? Mpaka Uyole?
Mpaka Tunduma, tugonge na muhuri?"
Kidole chake kikaonyesha gunia la jana
lililovikwa kilemba cha wavu,
viazi vimeuvuka mdomo wa gunia,
debe la kwanza, la pili,
la tatu likashindiliwa kwa goti la Nzowa kuli,
mia na ushee, na ushee wa ule ushee,
na bei ile ile.

"Huyu kanijengea sakafu, paa hakuweka.
Na usiniambie amesahau."

Nikamweleza kwamba wenyewe wanayo mengi ya namna hiyo.
Lipo *no fewer than*, la magazetini,
linatoa macho kwanza ndipo litaje idadi ya majeruhi.
Lipo *upwards of*, hilo linapanda tu
kama lori la mbolea kwenye kona za Mporoto,
halisemi litashukia wapi.

Alicheka. Kisha akanyamaza
muda wa kumenya kiazi kimoja, kikubwa.

"Ambokile alipokwenda Chunya kwenye dhahabu
aliniambia siku mbili.
Nikamuuliza, mbili tu?
Akasema, angalau."

Hapo sikuwa na tafsiri.
Shangazi hahesabu miaka, anahesabu mavuno:
kumi na manne tangu siku hiyo,
na haya yaliyomo ghalani,
yameanza kuchipua macho meupe gizani.

"Kalamu unayo?"
Ninayo.
"Basi andika na langu, pale pale kwenye bei.
Elfu sabini. Halafu weka lile neno lao,
kwa lugha yao, wasije wakasema hawakulielewa."

Wino uligoma kwa baridi.
Niliipumulia kalamu mara tatu,
labda nne,
ndipo ikakubali.