Homa Iliposhuka

Kichupa chenye kifuniko cha zambarau
kimeandikwa kwa kalamu inayovuja: Nyevu Katana, kitanda cha tisa.
Namjua. Ndiye wa viazi karai pale Barani,
anayekuuliza "pilipili?" na huku ameshamwaga.

Siku ya tatu: chembe sahani mia na arobaini elfu.
Sahani! Jina kubwa
kwa vitu visivyobeba hata punje ya wali.
Bibi yangu homa hii aliiita kidingapopo,
pepo akushikaye kiuno ukacheza bila ngoma.
Mimi simwoni pepo. Naona darubini,
na mashine ya kuhesabu iliyozima tangu Jumatatu
ikingoja dawa yake kutoka Mombasa.
Basi nahesabu kwa jicho, mraba baada ya mraba,
kidole juu ya kibonyezo, tik, tik,
vidoa kama chumvi iliyosahauliwa kwenye sinia.

Siku ya nne: themanini na nane.

Siku ya tano homa ikashuka.
Mumewe, Mwaringa, akaja dirishani kwangu na chupa ya chai.
"Daktari," (mimi si daktari) "amepoa! Ameomba embe bichi."
Nyuma yake mawifi walishaanza kukunja leso
na kuzishindilia kikapuni.
Nikaitazama karatasi mkononi:
arobaini na moja.
Na ile safu nyingine, ya uzito wa damu,
juzi thelathini na nane, leo arobaini na saba.

Nimwambieje mtu aliyeshika chai?
Kwamba maradhi haya huipoza ngozi ndipo yaingie ndani?
Kwamba damu inakuwa nzito kama tui lililosahauliwa motoni,
maji yake yakiitoroka mishipa
kama mtungi utokao jasho,
yakajikusanye tumboni, yasikokuwa na kazi?

Nikasema, "Asitoke leo."
Nikasema, "Akitapika, au fizi zikitoa damu, msingoje asubuhi."
Akaiweka chai dirishani. Hakusema tena.

Nikaipeleka karatasi wodini mwenyewe, wino haujakauka.
Dripu ikaongezwa. Mkojo ukapimwa kwa jagi.
Kila saa sita nikamchoma tena,
naye akanyoosha mkono kabla sijaomba,
kama anayerudisha chenji.

Siku ya sita: kumi na tisa.
Nilihesabu mara tatu nikilitafuta kosa langu.
Sikulipata.
Lakini ile safu nyingine ilikuwa imeteremka, arobaini na mbili.
Nikakaa kitako. Nikainywa ile chai, baridi,
sukari yote imelala chini.

Siku ya saba: thelathini na tatu, na damu nyepesi.
Nyevu alinitazama sindano ikitoka.
"Na wewe," akasema, "utamaliza lini kunikopa?"

Nilipotoka zamu nikapitia Barani.
Nyuma ya meza yake, pipa la maji, wazi.
Sikumwomba mtu ruhusa. Nikalipindua.
Viluwiluwi vikacheza juu ya mchanga,
bila ngoma,
mpaka vikanyamaza.