Robo Mzunguko

Ya kwanza iliingia. Ya pili ikaingia.
Ya tatu ikasita mlangoni kama mgeni
aliyekumbuka kwamba humu ndani anadaiwa.

Komeo likagoma, mpini ukabaki juu.
Nilijua cha kufanya, nacho ni kutofanya:
usiusukume kwa kiganja, Aikande,
chuma kikisema hapana hakitanii.

Saa nne usiku, Pasua. Umeme umekatika,
mvua ya Aprili inagomba na bati.
Kwenye benchi, risasi arobaini za Bwana Uronu
zimesimama katika trei ya mayai.
Alfajiri atapiga honi getini.

Nikaanza na bunduki.
Nikachomoa pini ya kupigia, nikasugua chemba
kwa kipande cha kanga kuukuu
kilichobakiwa na maneno mawili tu: *si neno*.
Kikatoka kama kilivyoingia.
Bunduki haina kesi.

Nikachukua ganda tupu, lililokwisha kubanwa upya:
likaingia kama mwana wa nyumba hiyo.
Nikalipima kwa keliba, shingo haijarefuka.
Ganda nalo nikaliachia huru.

Kisha nikatengeneza moja la bandia,
bila baruti, bila fataki,
ganda na kichwa basi.
Likasita palepale.

Kwa hiyo kosa lilizaliwa mwishoni,
mkononi,
na mkono wenyewe ni wangu.

Baruti nikaipeleka kabatini, chumba cha pili,
ndipo nikawasha mshumaa.
Nikaliviringisha lile la bandia juu ya moshi
(mji mzima una jina la kitu hiki,
na bado hatukiamini)
mpaka likawa jeusi tititi.
Nikaliingiza polepole. Nikalitoa.

Kichwa, cheusi.
Shingo, nyeusi.
Ila pale tumbo linapokwisha na bega kuanza,
pete ya shaba, imekwanguka, inang'aa,
nyembamba kama ukucha wa mtoto mchanga.

Bega limetuna. Unene wa unywele, labda pungufu.
Jicho halioni, kidole kinabisha,
chemba inajua.

Nikaifuata pete hadi kwenye kalibu ya kupachikia vichwa.
Niliwahi kuitia alama kwa rangi ya kucha,
mstari kwenye kalibu, mstari kwenye mtambo,
vitazamane.
Havikutazamana.
Kalibu ilikuwa imeshuka robo mzunguko,
inakaba shingo, inalikandamiza ganda
mpaka linajikunja begani.

Robo mzunguko.
Nikakaa juu ya kreti.

Jumapili Kaanaeli alipiga simu:
kihamba cha Kibosho kimepata mteja,
na dada aliyekwisha kuolewa
hana mgomba wa kudai pale, wala kaburi.
Simu nimeibana kwa bega,
sikio linawaka,
mkono wa kulia unatafuta kitu cha kukaza.

"Sawa," nilimwambia. "Tutaongea."
Sauti haikupanda hata kidogo.
Yote ilishukia kwenye kalibu,
ikaingia katika shaba, moja baada ya moja,
mara thelathini na nane.
Zile mbili za mwanzo ni za Jumamosi.

Sasa ninazivua.
Kichwa huku, ganda kule,
baruti kwenye kopo lenye jina lake.
Nyundo ya kuvulia inagonga kisiki, tuk, tuk,
mama Nderingo ng'ambo ya ukuta atadhani
natwanga vitunguu saumu usiku wote huu.
Bwana Uronu nimemwandikia: kesho haiwezekani.
Amejibu kwa alama ya kuuliza, moja tu.

Kalibu nimeipandisha. Mstari umeonana na mstari.
Nati nimeifunga kwa vidole viwili,
simu nimeiacha chumbani, imelala kifudifudi.

Kukipambazuka nitapanda Kibosho
kabla Kaanaeli hajaenda kukata majani ya ng'ombe.
Sijui nitaanza na neno gani.
Mfukoni nina lile ganda la bandia.
Masizi yamenichafua sketi,
na pete bado inang'aa.