Kopo la "Sijui"

Keko Magurumbasi, Jumamosi, saa nne asubuhi.
Maranda ya mninga kutoka karakana za jirani
yamejaa ndani ya gari hadi usawa wa usukani,
na Bwana Pazi anayachota kwa viganja
kama mtu anayefukua kisima,
ili nione kwamba kiti cha dereva, walau, kipo.

Pijo 404. Namba za zamani, TDP, tarakimu ya mwisho imeliwa na kutu.
Mlango mmoja umepakwa rangi ya maziwa, unang'aa;
mitatu bado ina praima nyekundu,
na boneti imeegemea ukuta wa choo
kama mgeni aliyekataa kuketi.
"Injini?"
"Ipo," anasema. "Ila haipo pamoja."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Iko kwenye makopo. Arobaini na moja,
ya siagi, ya maziwa ya unga, ya rangi ya mafuta,
kila moja limebandikwa plasta nyeupe
na maneno ya wino mzito:
NATI ZA BAWABA, MBELE KUSHOTO.
SPRINGI ZA VALVU, USICHANGANYE.
VIOO VYA TAA, POLEPOLE.
Mwandiko ulionyooka, mwandiko wa mtu
aliyedhani atarudi kesho.

Mimi ni karani wa stoo bandarini, mwaka wa kumi na tisa huu.
Mali bila daftari huisha bila habari:
nimeyasema hayo kwa vijana mpaka wakaniita Mama Daftari.
Basi nikachuchumaa, nikasoma kopo baada ya kopo,
jua likahama bega hili kwenda lile,
nikafika la ishirini na mbili
na hapo mwandiko ukabadilika.
Herufi kubwa, zimelala, S imegeuka kinyume:
SKURUBU NDOGO NDOGO SANA.
VITU VYA DUARA.
Na kimoja, kikopo cha dawa ya viatu:
SIJUI.

"Ni Siwema huyo," akasema, macho yako kwenye boneti.
"Alikuwa darasa la pili. Ndiye aliyekuwa ananishikia tochi."

Sikuuliza yuko wapi.
Kuna maswali ambayo bei yake haipunguzwi.

Nikataja milioni moja na nusu, akataja mbili na laki tatu,
tukakutana mahali ambapo hakuna aliyefurahi.
Kadi ina jina la mtu wa tatu,
ambaye Bwana Pazi naye alimuuzia mbuzi kwenye gunia.
Wangu mimi ni mbuzi wa vipande,
na gunia nimeligharamia mwenyewe.

Fuso ikalishusha Mtoni Kijichi magharibi,
watoto wa mtaa wakilisukuma kwa kelele za harusi.
Mume wangu Erasto akatoka na kikombe cha chai.
"Gari liko wapi?"
"Si hili."
Akalizunguka mara mbili. Akainama, akachungulia chini,
akaona mchanga, na viatu vyangu upande wa pili.
"Nyangeta," akasema, "hata sakafu?"
Kisha akaenda kutafuta turubai, kwa kuwa mawingu yalikuwa yanatoka Kigamboni.

Ni mwezi wa tano sasa. Sakafu ipo.
Fundi Likwambe huja Jumapili baada ya misa,
hunung'unika, huchomelea, hudai nauli.
Kati ya makopo arobaini na moja, thelathini yamerudi garini.

Leo tumefungua lile la SIJUI.
Washa mbili. Pini iliyopinda.
Gololi nne za chuma, zimelala kwenye grisi kavu,
na ya tano ya kioo,
yenye uzi wa kijani katikati.

Likwambe akaishika kwa vidole viwili, akaipandisha kwenye taa.
"Hii haihusu, mama. Nitupe?"

Nikamwambia airudishe ilipokuwa.
Nimeandika daftarini: gololi, tano.
Kwenye stoo yangu hakitoki kitu bila mwenyewe kuja kutia saini.