Pishi

Miaka miwili, kila Jumapili hapa Weti,
sala ikifika pale pa deni na wadeni
nilikuwa nakohoa.
Kikohozi kifupi, cha ustadi,
kinachotosha mstari mmoja kupita bila mimi.
Padre Anselimu alidhani ni vumbi la makonyo.

Deni lilikuwa gunia moja la karafuu kavu,
na mdeni ni Damasi, ndugu yangu tumbo moja.
Alilibeba mkesha wa Noeli, sote tuko kanisani.
Likavuka kwa magendo, naye akavuka nalo.
Mwanangu akakaa nyumbani muhula mzima
akiandika herufi ukutani kwa mkaa.
Sikuufuta ule mkaa. Niliutunza kama stakabadhi.

Msimu huu nilishikishwa pishi mimi.
Wachumaji wamepanga foleni na pakacha zao,
nami nakung'uta, nashindilia kwa kiganja,
karafuu zishuke, ziongezwe, zishuke tena,
ili nifidie gunia langu
kwa jasho la wasiolijua.
Bi Time wa Mtambwe alikitazama kiganja, akanyamaza.

Usiku kilinuka. Nilikiosha kwa ndimu.
Alfajiri nikamwendea na pishi mbili ndani ya kanga:
"Zako hizi. Nilikupunja."
Alikuwa akipuliza moto, hakugeuka.
"Nilijua, Skola. Nilishakuhalalishia jana ile ile,
uje, usije."
Akanimiminia uji.

Uji ule ulinikwama.
Msamaha niliouzoea huombwa kwanza,
hupimwa, hufutwa juu kwa ubao.
Huu ulinitangulia njiani.
Nikamkumbuka Yule wa msalabani:
alisamehe nyundo zingali mikononi mwao.

Damasi alirudi Jumanne, wingu limetanda upande wa Gando.
Hakubisha hodi. Aliona karafuu uani na mvua inakuja,
akashika pembe ya jamvi.
Nilishika ya pili.
Tukakunja, tukaingiza, kimya, kama mama alivyotufunza.
Amekonda. Ana mvi juu ya sikio.
Nikasema, "Kuna mhogo jikoni."

Sijasema zaidi ya hapo.
Gunia nalikumbuka bado, na bei yake.
Mkaa nimeufuta nusu, mkono ukachoka.
Ila Jumapili hii, mstari ulipofika,
sikukohoa.
Niliusema polepole,
kama mtu anayejaza pishi mpaka kilele,
akaondoa mkono,
akaacha zimwagike.