Matundu Matatu

Nyaboke ameiweka kiganjani mwangu,
ndogo kama kiberiti, nzito kidogo kuliko yai.
"Hii ni ya kisasa, haichemki ovyo,
na ina matundu matatu."
Elfu nne na mia tano.

Ile yangu ni tofali.
Waya nimeufunga plasta, ile ya kidonda,
na ikipata moto paka wa jirani huja kuilalia.
Lakini haijaniangusha hata siku moja.

Nimesimama hapa Luthuli napiga hesabu:
unga, tokeni za stima, deni la maziwa kwa Kaloki.
Kizuri chajiuza, nawaza,
mbona huyu ananishika mkono?

Halafu nakumbuka soketi yetu moja kule Kariobangi,
nyuma ya kitanda,
na Achola, aliyechomoa simu yake jana
ikiwa asilimia tisa
nimalize kutafsiri ripoti ya watu wa mabomba.
Hakusema neno.
Alilala nayo kifuani, imezimika kama kigae.

Matundu matatu.

Naomba punguzo. Nyaboke anacheka,
anatoa hamsini.
Nafungua pochi, naifunga,
naifungua tena.